Mama Aliyempisha Mwenzake

Bangkok, 3 Juni

Kwako Dada Bualai,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na foleni. Mimi ni mzima, ila usingizi siupati sawasawa. Natumaini wewe na shemeji mmeanza kupumua baada ya upasuaji wa mtoto, na Kop anakula. Zile nyuzi nyeupe za baraka wazee walizomfunga mkononi mlipotoka hospitali ya Ubon msizikate, hata manesi wakinuna.

Nakuandikia kwa kalamu, kama nilipokuwa bwenini, kwa sababu simu yangu siiamini. Wenzangu ofisini wanachukua simu ya mtu na kuisoma kama gazeti la kituo cha basi. Na wewe nijibu kwa barua. Lolote linalomhusu Kop usilitume kwenye simu, na nikimaliza utaelewa kwa nini.

Unajua nimepata ukarani hapa hospitali na bado niko kwenye muda wa majaribio. Sijawahi kukuambia karani wa nini. Mimi ndiye ninayepanga mafaili ya kamati inayochagua watoto watakaotibiwa kwa mashine ya protoni. Kwenye kikao nakaa mwisho wa meza, naandika muhtasari. Jana lilifika faili kutoka Ubon. Nililifungua nikakuta jina la Kop.

Nikueleze kama madaktari wanavyowaeleza wazazi. Uvimbe uliokuwa kisogoni umetolewa, lakini huenda vimebaki vipande visivyoonekana, ndiyo maana lazima apigwe mionzi. Mionzi ya kawaida, hiyo iliyopo Ubon, inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na kila inapopita kwenye ubongo na sikio inaacha madhara kidogo. Hii ya protoni inafika pale ilipoelekezwa na kuishia hapo. Kuponya, aina zote mbili zinaponya karibu sawa. Tofauti ni mtoto atabaki na nini akishapona: masikio, urefu, akili ya darasani. Sitaki kukudanganya, hata maprofesa wanabishana tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani. Ila kwa mtoto wa miaka mitano mwenye uvimbe mahali pale, hakuna niliyemsikia akisema ni ndogo.

Mashine ni moja. Mwezi huu nafasi ya mtoto iliyobaki ni moja.

Kuna kanuni kwamba mfanyakazi mwenye ndugu kwenye mafaili aseme, kisha atoke nje. Sijasema. Wewe unatumia jina la ukoo la shemeji, mimi la baba, na hapa naitwa Thidarat, Mot hawamjui, hakuna atakayejua. Nikisema nitatolewa, na faili la Kop litabaki pale mezani bila mtu wake. Nimeona afadhali nikae kimya nikiwa ndani kuliko kuwa muwazi nikiwa nje. Niambie kama nimekosea.

Mdogo wako akupendaye,
Mot


Ban Nong Saeng, Yasothon, 7 Juni

Mdogo wangu Mot,

Hujambo kipenzi? Unakula au unakunywa kahawa tu? Sisi huku wazima, mvua imeanza, ardhi inanukia.

Barua yako imeletwa na yule kijana wa posta. Ameishika juu hivi akinicheka: "Mama Kop, bado kuna watu wanaandikiana? Au ya mchumba?" Nikamwambia ndiyo, ya mchumba, tena anajua kupiga pasi suruali, si kama wewe. Amecheka mpaka pikipiki ikazimika.

Mpwa wako na upara wake ule na mshono kisogoni hashikiki. Asubuhi mwenyekiti wa kijiji akimaliza matangazo kwenye kipaza sauti, na yeye anapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, anashika mchi wa kinu kama maikrofoni: "Halo, halo. Moja, mbili. Wanakijiji wote. Mwenye nyati aliyekula miche ya Bibi Khamphan aje amchukue, Bibi hajamla nyati bado. Tangazo la pili. Leo mama yangu ameunguza samaki. Asanteni kwa kunisikiliza." Hata kile kikohozi cha mwenyekiti anakitoa vilevile. Juzi mwenyekiti mwenyewe alisimama nje ya uzio kusikiliza, akasema, "Huyu nikistaafu namwachia kiti." Kop akamjibu, "Utastaafu lini?"

Hayo ya mionzi nimeyaelewa. Daktari wa Ubon alisema hivyohivyo, ila aliongeza tusichelewe. Mionzi isipoanza ndani ya wiki chache tutakuwa tumeupa ule uvimbe nafasi ya kurudi.

Hukukosea, mdogo wangu. Kaa humohumo ndani. Nikijua uko kwenye hicho chumba nalala vizuri. Sijamwambia mtu zaidi ya shemeji yako, na yeye unamjua, siri kwake inazama kama jiwe. Atabaki na mama mkwe wapande mpunga, mimi begi nimeshafunga. Nimeweka na mchi, Kop amekataa kwenda Bangkok bila maikrofoni.

Kitu kimoja tu. Wakinipigia simu nijibuje? Unanijua mimi na wakubwa, ulimi unajikunja wote.

Dada yako,
Bualai


Bangkok, 11 Juni

Kwako Dada Bualai,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na Kop halalamiki kichwa. Mimi sijambo.

Dada, nisamehe kwa nitakayosema. Maswali ya kwenye simu siwezi kukuambia. Nayajua, mimi ndiye niliyeyachapa. Lakini kunyamaza kuhusu undugu ni jambo moja, na kukupa maswali ni wizi. Kuna wazazi wengine wanaopigiwa bila kuwa na mdogo mtu ndani. Nikikupa wewe nitakuwa nimewaibia wao.

Ninaloweza kukuambia ni lile linalobandikwa ukutani kila mtu alisome. Karibu na hospitali kuna monasteri yenye vyumba vya wazazi wanaotoka mikoani, bure, kwa hiyo mahali pa kukaa wiki sita msiwe na wasiwasi. Kamati inaangalia mambo matatu: mtoto atafaidika kiasi gani, muda uliopita tangu upasuaji, na kama kuna mzazi atakayekaa naye muda wote wa matibabu. Mwenyekiti ni Profesa Kasidit. Ni mtu mzuri, Dada. Anaongea taratibu, anawasalimia hata wafagiaji kwa mikono miwili, na hajawahi kupokea zawadi kubwa kuliko mfuko wa machungwa.

Mafaili yaliyobaki ni mawili, la Kop na la mtoto wa kiume wa hapahapa Bangkok. Ugonjwa unafanana. Huyo naye anastahili, nimesoma faili lake na nikaumia. Baba yake anakuja kila siku. Anasimama dirishani kwetu na kusema, "Naitaka nafasi hiyo kwa ajili ya mwanangu. Sitoki." Anasema hivyohivyo kwa Profesa, tena akimtazama usoni. Manesi wanamcheka: "Huyo mzee amelelewa wapi?" Jana muuguzi mkuu Orathai, ambaye ni mtu wa upande wetu wa nchi, wa mkoa wa Surin, alisema kwao mtu wa namna hiyo hapewi hata maji.

Nilikuwa nimekuandikia ukurasa mwingine kuhusu jambo hilo. Nimeuchana. Niliona unakaribia kuwa wizi.

Watakupigia Jumanne. Simu itakuwa kwenye spika, wote tutakusikia. Jibu utakachoulizwa.

Mdogo wako,
Mot


Ban Nong Saeng, 15 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mimi leo nina furaha, naandika mbio, usicheke mwandiko.

Najua ulikuwepo na ulisikia, lakini acha nikusimulie upande wangu. Tangu alfajiri nimeoga, nimevaa sketi yangu ya hariri ile ya harusi, mama mkwe ananiuliza, "Daktari atakuona kwenye simu?" Nikamwambia hatanisikia vizuri nikivaa khanga ya shambani. Kop nilimpa embe apate kunyamaza.

Ilipolia nikapiga magoti. Profesa wako ana sauti ya mtawa! Kaanza kwa kunisalimia, kauliza mvua, kauliza mpunga. Moyo wangu ukayeyuka. Halafu akauliza, "Mama, mko tayari kuja Bangkok kukaa wiki sita? Haitawapa taabu?"

Mdogo wangu, sikukuaibisha. Ulimi haukujikunja. Nilimjibu kama mama alivyotulea tuwajibu wakubwa: "Daktari asijisumbue kwa ajili yetu. Sisi watu wa mbali, na daktari ana kazi nyingi. Kama kuna mwenye shida zaidi, amtangulize." Nikasikia karatasi zinageuzwa, nikajua ni wewe. Kisha akasema, "Asante sana, mama. Una moyo mzuri." Umesikia hilo? Profesa mzima! Shemeji yako alikuwa mlangoni na matope hadi magotini, machozi yanamtoka.

Nilingoja aniambie tarehe ya kuja, akasema watatuandikia. Huo ndio utaratibu, si ndiyo? Jioni nilikupigia mara kadhaa, najua ulisema nisipige lakini furaha ilinizidi. Hukupokea. Bila shaka ulikuwa kazini.

Nimewasalimia na majirani, nimewaambia tunasafiri. Kop ametangaza kwenye ndoo yake: "Tangazo. Mimi naenda Bangkok kupigwa mwanga. Mtakaohitaji kuagiza kitu, pangeni mstari."

Dada yako mwenye furaha,
Bualai


Bangkok, 19 Juni

Kwako Dada,

Salamu. Natumaini nyote wazima. Naomba radhi sikupokea simu, siku hizi kazi ni nyingi na mkuu wetu yupo karibu.

Uamuzi wa kamati haujatangazwa rasmi, na mimi siruhusiwi kusema lolote kabla ya hapo. Tafadhali vumilia. Msifungue begi, wala msiwaambie watu zaidi. Daktari wa Ubon akiwaita, nendeni.

Kop mbusu kichwani kwa niaba yangu, upande usio na mshono.

Mdogo wako,
Mot


Ban Nong Saeng, 25 Juni

Mot,

Sisi wazima.

Barua ya hospitali imefika, karatasi nene yenye muhuri. Nimeisoma, nikampa shemeji yako akaisoma, tukampelekea mwalimu kwa kudhani sisi hatujui kusoma. Mwalimu naye amesoma hivyohivyo. Inasema: "Kamati inakushukuru kwa dhati kwa uungwana wako wa kumpisha mtoto mwingine. Tunamtakia mtoto wako matibabu mema katika hospitali ya mkoa."

Nilimpisha nani? Lini?

Nimekaa kizingitini mpaka kuku wakaanza kupanda miguuni kwangu. Nimeyarudia maneno yangu yote ya siku ile, moja moja. Mot, hivyo ndivyo tunavyoongea. Mgeni akikaribishwa chakula anasema ameshiba, na mwenyeji anampakulia. Nani katika nchi hii asiyejua? Ningemjibuje mtu kama yule, "Ndiyo, nakuja, niwekee nafasi," kama ninaagiza tambi sokoni? Nilikuwa nimepiga magoti! Nilikuwa nimevaa sketi ya harusi! Begi lilikuwa mlangoni!

Haya, Profesa ni mtu wa mjini, pengine amesahau. Huyo muuguzi wa Surin je? Na wewe? Wewe uliyekua kwenye mkeka mmoja na mimi, uliyekuwa ukisema umeshiba huku unatazama sufuria, na mimi nikakupakulia?

Ulikuwa kwenye chumba. Ulisema nini?

Bualai


Bangkok, 28 Juni

Kwako Dada,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali zenu. Nauliza hata hivyo.

Nitakujibu kama ulivyouliza. Sikusema kitu.

Ulipomaliza kuongea, Profesa alikata simu akatutazama. Akasema, "Mnaonaje?" Daktari mmoja kijana akasema mama mwenyewe ameomba mwingine atangulizwe. Muuguzi Orathai alikuna shavu na kusema, "Watu wa kwetu wana adabu." Alisema hilo tu, Dada, akatabasamu, kisha akanitazama, kwa sababu anajua mimi ni wa Yasothon. Nadhani alinifungulia mlango. Profesa akauliza, "Una la kuongeza, karani?"

Neno lilikuwa mdomoni. Ningesema, "Huyo mama anakuja. Amekwisha kufunga begi." Wangeuliza nimejuaje habari ya begi. Basi nikatafuta namna ya kulisema bila begi, kwa maneno ya kikarani, kwamba majibu ya heshima ya watu wa mikoani yathibitishwe kwa simu ya pili. Nilikuwa bado nalipanga wakati Profesa aliposema, "Haya, tuandike." Nikaandika: Mama wa mtoto ameridhia nafasi apewe mwingine. Kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilijificha ili niweze kumlinda Kop, na kule kujificha ndiko kulikonifunga mdomo. Ningekuwa nimesema tangu mwanzo kwamba ni mpwa wangu, ningekuwa nje ya mlango siku ile, na pengine Orathai angelisema yeye. Alininyamazia kwa kunipisha mimi. Wote mle ndani tulikuwa tunapishana.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa Profesa. Ndiyo, nimekwenda. Nimemwambia yote: wewe ni dada yangu, mama alitulea vipi, begi, hata mchi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisikitika sana, Dada, alivua miwani. Kisha akasema, "Binti, kabla ya leo ningeweza kumpigia tena. Sasa nimejua ni ndugu wa mfanyakazi. Nikifungua faili hili upya, nitamwambia nini yule baba? Kwamba nafasi ya mwanawe imerudishwa kwa mpwa wa karani wetu?" Yule mtoto tayari ametengenezewa kofia ya kumshikilia kichwa kisitikisike kwenye mashine, ameshaanza.

Nafasi nyingine ya mtoto itapatikana katikati ya Agosti. Profesa ameahidi kuliangalia faili la Kop kwa haki, bila mimi kuwepo. Najua daktari wa Ubon alisema nini kuhusu kuchelewa. Nimewauliza na hawa wa hapa. Wamesema hakuna anayeweza kumshauri mama asubiri mpaka Agosti, na hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba asiposubiri hatajuta.

Sijafukuzwa kazi. Wamenihamishia kwenye mafaili ya vyakula vya wagonjwa.

Nilitaka kuandika nisamehe, nikaona nitakuwa nakulazimisha uwe na adabu tena.

Mdogo wako,
Mot


Ubon, 3 Julai

Mot,

Tunaanza kesho hapa Ubon. Siwezi kumweka mtoto nyumbani mpaka Agosti nikisikilizia kichwa chake.

Mashine yao wanaitunza vizuri na manesi ni wapole. Kop ameuliza kama huu ndio mwanga wa Bangkok. Nimemwambia ndiyo.

Bualai


Bangkok, 20 Oktoba

Kwako Dada Bualai,

Salamu nyingi. Barua zangu za Julai, Agosti na Septemba sijui kama zilifika. Yule kijana wa posta bado yupo?

Nimesikia kwa binamu Wichian kwamba Kop amemaliza mionzi yote na picha ya kichwa ni safi. Nililia chooni kwa furaha, kazini, mpaka wakanigongea. Nywele zimeanza kuota? Bado anatangaza?

Nimetuma kwa posta maikrofoni ya kuchezea, ya betri, inatoa sauti kweli. Kama haifai mpe mtoto mwingine.

Huku mafaili ya vyakula hayana shida. Naandika nani asile chumvi. Muuguzi Orathai alinisimamisha kwenye ngazi wiki iliyopita, akasema, "Ningejua ni dada yako." Sikuelewa anamaanisha angesema au asingesema, na sikumuuliza.

Mdogo wako,
Mot


Bangkok, 2 Aprili

Kwako Dada Bualai,

Natumaini nyote wazima, na shemeji mgongo umepona. Mimi ni mzima.

Tangu yale ya Kop, huu ungekuwa mwaka mpya wetu wa Aprili wa pili bila mimi kuja nyumbani. Safari hii nimepewa likizo. Nimeshika nafasi kwenye basi la tarehe kumi na mbili. Nataka niwamwagie wazee maji ya baraka mikononi kama zamani, nile samaki wako, hata ukiwaunguza. Kop sasa ana miaka saba, atakuwa hanijui.

Huniandikii, na watu wakija kutoka huko wanasema tu, "Wazima, hawana neno." Mimi siyaamini tena maneno hayo. Naomba jambo moja. Niambie Kop yukoje, bila kunionea haya. Na niambie kama nije. Ukisema nije nitakuja, ukisema nisije sitakuja. Ukikaa kimya nitakuja.

Mdogo wako daima,
Mot


Ban Nong Saeng, 7 Aprili

Kwa Bi. Thidarat,

Salamu kwako, na kwa wakubwa wako wa kazi, na kwa wote wanaokuzunguka. Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema. Sisi huku ni wazima, mvua ya kwanza imenyesha, mwembe umezaa, baba Kop mgongo umepona. Tunashukuru kwa maikrofoni na kwa barua zako zote, zilifika.

Umeuliza Kop yukoje. Yu hai. Picha zote ni safi, na kila mtu ananiambia nishukuru. Nashukuru kila asubuhi kabla sijawasha moto.

Sikio la kushoto halisikii, la kulia linasikia kwa kifaa. Darasa la kwanza anarudia. Mwalimu anamwonyesha herufi leo, kesho anaitazama kama mgeni aliyekuja kuomba maji. Anachoka mapema. Ni mwema sana, hagombani na mtu, na hapo ndipo majirani wanaponisifia kwamba ametulia. Daktari wa Ubon nilimuuliza kama kule kwenu ingekuwa vingine. Alisema haiwezekani kujua. Nimelifikiria sana hilo. Yule Kop mwingine, aliyekwenda Bangkok, hakuna mtu atakayemwona, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia nimeibiwa nini.

Mimi nimejifunza. Mwalimu mkuu alitaka Kop abaki nyumbani, nikakaa kwenye ngazi za ofisi yake kuanzia wimbo wa taifa hadi watoto walipotawanyika, nikimwambia kila anapopita, "Nakitaka kiti cha mbele kwa ajili ya mwanangu. Sitoki." Amepata kiti. Hospitali waliponiambia vifaa vya kusikia vimekwisha, nilisema hivyohivyo, nikimtazama mtu usoni. Tumepata kifaa. Kijijini sasa wananiita Mama Sitoki, na wengine wanauliza nililelewa wapi. Yule baba wa dirishani kwenu nilikuwa namchukia. Siku hizi namwazia kama mwalimu wangu, ila alichelewa kunifikia. Natumaini mwanawe anasikia vizuri.

Ulikuwa umeuliza kama bado anatangaza. Mwenyekiti akimaliza asubuhi, Kop hupanda juu ya ndoo, ameshika mchi. Ile maikrofoni yako inampigia kelele kwenye kifaa chake. Anasema, "Halo, halo. Moja, mbili." Kisha anangoja. Anatutazama, mimi na baba yake, kama anayejua kwamba kulikuwa na kitu baada ya hapo. Halafu anashuka taratibu. Tunampigia makofi.

Adabu nimeimaliza kwa watu wote. Kidogo iliyobaki nimekuwekea wewe.

Kuhusu safari yako, Bi. Thidarat asijisumbue kwa ajili yetu. Sisi watu wa mbali, na wewe una kazi nyingi. Kama kuna wenye shida zaidi, watangulize.

Safari hii unaweza kuyaandika kama nilivyoyasema.

Mama Kop